Chupa za Waliokuja Kunitazama

Mwanangu, ipo siku moja isiyonitoka akilini, na kwa kuwa Jumatatu unaingia chumba cha upasuaji, kaa kitako nikusimulie. Hiyo simu iweke chini kwanza.

Nilikuwa na umri kama wako, tunakaa Mpendae. Nimonia ilinishika, ikapona nusu, ikaniacha na usaha kifuani uliogoma kutoka kwa sindano. Madaktari wakasema nipasuliwe. Habari ikaenea mtaani, na watu wetu unawajua, hawaendi kumtazama mgonjwa mikono mitupu. Huyu kaleta habasoda na asali, yule kaleta mizizi ya kuchemsha. Bi Time, jirani yetu na shoga wa mama, akaja na vidonge vya mumewe.

"Mume wangu naye kifua kilikuwa kikimbana, mwanangu. Meza kimoja kila asubuhi, utaona."

Nikavimeza. Ningekataaje kitu cha Bi Time, aliyenipakata tangu nikiwa mchanga, na mama kakaa pale pale anashukuru?

Siku moja kabla ya upasuaji, alikuja wodini daktari wa usingizi, mama wa makamo aitwaye Bi Salma. Akaniuliza kama kuna dawa nyengine ninazotumia. Nikasema sina, ila za hospitali. Wala sikujiona nasema uongo, maana kwangu mimi zile zilikuwa zawadi za watu.

Bi Salma hakuondoka. Akavuta kiti, akaketi.

"Watu wamekuja kukutazama?"

"Wengi, alhamdulillahi."

"Wamekuletea nini?"

Nikamtazama mama. Mama akajifanya anakunja kanga yake. Hapo Bi Salma akanikemea kwa sauti ya chini, ambayo ni kali kuliko kelele.

"Sikiliza, binti. Kesho pafu lako moja n'talipumzisha, utabaki na moja tu, na pumzi zako zitakuwa mikononi mwangu. Utakuwa umelala, hutoweza kunambia kitu. Basi nambie sasa. Haya zako utaziona ukishapona."

Nikasema yote. Mama akatumwa nyumbani kuvileta vile vidonge, na Bi Salma alipovisoma jina akashusha pumzi.

"Hivi vya moyo. Vinazuia damu isigande. Tungelifungua kifua hichi kesho, damu ingelikataa kusimama."

Upasuaji ukaahirishwa mpaka dawa ile initoke mwilini. Mama alinuna kweli kweli, akasema nimemuaibisha na shoga yake. Siku mpya ilipopangwa, akataka aninyweshe kombe alfajiri, yale maji ya aya zilizoandikwa kwa zafarani. Bi Salma hakumcheka. Alimwambia, "Mpe usiku kabla hajalala, mama. Asubuhi tumbo liwe tupu, asije akatapika usingizini yakamwingia mapafuni." Ikawa hivyo.

Nilipozinduka kifua kiliuma kama kimekanyagwa na punda, lakini pumzi ilikuwa inaingia mpaka chini. Nililia kwa furaha, mwanangu, sikuficha. Mama alikuwa kamshika Bi Salma mikono yote miwili, naye analia.

"Ningelimzika mwanangu kwa kuona haya," alisema.

Na Bi Time niliyeogopa kumuudhi vile? Alikuja na uji wa pilipili manga, akawauliza kwanza wauguzi kama naruhusiwa kunywa. Hakukasirika hata chembe.

Basi nasaha yangu ni hii. Daktari wa usingizi akija, mtajie kila kilichopita kooni mwako, cha hospitali, cha dukani Mwanakwerekwe, cha shangazi, na kombe pia. Usingoje akuulize mara ya pili, maana si kila mmoja atavuta kiti. Aliyekupa kwa mapenzi anataka upone, hatataka shukurani zako kaburini. Na ile chupa niliyokuletea juzi, ukainywa mbele yangu uso umekukunjamana, anza na hiyo. Usinicheke, mkono wangu haujui kuja mtupu. Nitakuwa nimekaa pembeni ya kitanda chako, nasikia, na wewe nitaje kwa jina.

Mwenyezi Mungu akulaze salama, akuamshe salama, na pumzi utakayovuta ukifumbua macho iwe nyepesi. Amin.