Farasi wa Jirani Waliokataa Kucheua

Nawasimulia aibu yangu, lakini kifua mbele. Volkano ilipolipuka, Mama Furaha, jirani yangu hapa mtaani Katoyi, alikimbia akaacha farasi wake wawili wa kubebea maharusi. Mimi, mutoto wa wafugaji wa ng'ombe kule Masisi, ningewaangalia wakifa njaa? Kila asubuhi niliwakatia majani, nikawabebea maji. Wakanona, ila hawakucheua hata mara moja! Kwetu ng'ombe asiyecheua ni mgonjwa. Nikachemsha majani ya miti michungu, nikawa nawanywesha kwa chupa, majirani wakitazama.

Ndipo Mama Furaha akarudi.

“Papa, wamenona kuliko vile niliwaacha! Lakini unawanywesha nini?”

“Dawa ya kucheua!” nikajibu kwa sauti, wote wasikie.

“Papa, farasi hacheui. Tangu Mungu amuumbe.”