Mpaka Pale Tu

Mama alinipa sharti moja. Nilikuwa na miaka thelathini na sita, nimeacha kazi, nimerudisha funguo za chumba nilichopanga Engutoto, na nimepanda nyumbani kwetu juu ya Tengeru kumwambia kwamba nakwenda kusafiri miezi minane kuelekea kusini, hadi Ziwa Nyasa. Nitapanda basi panapochosha, nitatembea panapovutia. Peke yangu.

Mama akaendelea kumenya ndizi. Alimaliza ya tatu ndipo akafungua mdomo.

"Zunguka kwanza huu Mlima Meru wetu. Kwa miguu, peke yako. Ukirudi hujasindikizwa na mtu, nitakuombea na utakwenda. Ukisindikizwa hata hatua kumi, unakaa."

"Na nikienda bila maombi yako?"

"Nenda. Miguu si yangu."

Alijua anachofanya, mama yule. Kwetu mtu anaweza kuanza safari bila nauli na akafika, ila bila radhi ya mama hatafika popote, atageuka njiani. Nikakubali kwa kiburi. Hatua kumi! Nani atahangaika kunisindikiza mimi, mwanamke mzima?

Tena nilijiona mtaalamu. Kwa miaka tisa, kazi yangu katika kampuni ya utalii ilikuwa kujibu barua za wanawake wa nje waliotaka kuja kupanda milima yetu. Kila mmoja aliuliza kama ni salama mwanamke kutembea peke yake, na kila mmoja nilimjibu: salama kabisa, karibu sana. Mimi mwenyewe sikuwahi kulala kwenye hema hata usiku mmoja. Hema lenyewe nililinunua la mtumba, na zipu yake ilikuwa inafunga pale inapojisikia.

Siku ya kwanza nilipita Arusha mjini bila shida. Mjini hata ukibeba kabati mgongoni watakuuliza tu kama linauzwa. Jioni nikafika Kisongo, nikaomba kwa mama mmoja mfugaji nipige hema karibu na boma lake. Akalitazama hema, akanitazama mimi, akanionyesha kitanda. Asubuhi nikashukuru, nikaaga. Na yeye akachukua fimbo.

"Nakusindikiza mpaka pale tu," akasema, akaonyesha kwa kidevu.

Hatua kumi ziliisha kabla sijafunga mkanda wa begi. Nikamwambia ukweli, kwamba mama yangu amekataza.

"Mama gani anakataza mgeni asindikizwe?" akauliza. "Ni mzima kweli?"

Tukatembea. "Pale" ilikuwa mti wa mgunga. Tulipoufikia mgunga, "pale" ikahamia kwenye kisima. Kwenye kisima ikahamia barabarani. Njia nzima aliniuliza kama nimekimbia kwa mume, na nilipomwambia sina mume akasikitika zaidi, maana sasa sikuwa hata na mtu wa kumkimbia.

Nikajipa moyo kwamba huyu hahesabiki, alikuwa na safari zake tu. Lakini aliyefuata hakuwa na safari zake, wala aliyemfuata huyo. Nilipojaribu kukataa, wakanuna. Nilipoongeza mwendo, wakaongeza. Mmoja alikuwa na mtoto mgongoni na ndoo kichwani, na bado aliniacha nyuma kwenye mlima.

Oldonyo Sambu nikasema basi, hapa natumia akili. Nililala kwa bibi mmoja wa Kiarusha ambaye miguu yake ilikuwa imevimba, akitembea kwa kuyumba. Alinipa loshoro, yale mahindi ya kuchanganya na maziwa ya mgando, nikala hadi nikaona aibu. Huyu, nikawaza, hawezi kunifuata popote. Hata hivyo nikaamka kunapambazuka, nikanyata na viatu mkononi mpaka langoni.

Bibi alikuwa amekaa juu ya jiwe, shuka begani, fimbo mkononi. Ananisubiri.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Twende."

Hapo nikachemka. Nilifoka, nakiri, nilimfokea mwanamke aliyenilisha. "Bibi, niache jamani! Utaniharibia safari! Nataka kwenda peke yangu!"

Hakukasirika. Kiswahili chake kilikuwa cha shida, akakitafuta neno kwa neno. "Ukitoka hivi, peke yako," akasema, "watu watasema nimekufukuza."

Tukaenda mwendo wake, ambao ni mwendo wa kinyonga, akiushika mkanda wa begi langu utadhani mimi ni ndama wa mnadani. Tukavuka korongo. Ng'ambo akamwita kwa sauti mwanamke aliyekuwa shambani, wakaongea Kimaasai, na mwanamke akaacha jembe. Nikakabidhiwa. Nilipogeuka, bibi alikuwa ameshaanza kurudi, akipumzika kila baada ya hatua chache.

Basi hivyo ndivyo nilivyouzunguka Mlima Meru peke yangu, mikononi mwa wanawake saba. Wa mwisho, mkulima wa nyanya wa Ngarenanyuki, alinijazia mfuko wa nyanya na kunisindikiza nusu ya asubuhi.

Njia yote ya kurudi nilifanya mazoezi ya uongo. "Hapana, Mama, sikusindikizwa." Nilisema hivyo mbele ya migomba mpaka nikaanza kuamini. Nikaingia nyumbani, nikaketi, nikanywa chai. Mama akauliza, "Ulisindikizwa?"

Akawa anautazama ule mfuko wa nyanya.

Nikacheka, halafu kicheko kikageuka kilio, nikamweleza yote. Mama akasikiliza mpaka mwisho.

"Basi unakaa," akasema.

Nikakaa. Wiki nzima niliosha vyombo kwa kelele. Nilichuma kahawa nikiwa nimenuna. Mama naye kila jioni aliuliza swali moja, kama mtu anayetoa mwiba.

"Huyo bibi wa Oldonyo Sambu, ni mkubwa kuliko mimi?"

"Sana."

Kesho yake: "Na miguu imevimba kweli?"

"Kweli, Mama."

Keshokutwa yake: "Akavuka korongo?"

"Akavuka."

"Na hakujui," akasema, akaingia ndani.

Jumatatu aliniamsha amevaa viatu vya kanisani. Begi langu lilikuwa mlangoni, limefungwa, na ndizi juu yake. Akaniwekea mkono kichwani, akaomba sala fupi ambayo nusu yake alikuwa akimlalamikia Mungu juu yangu. Kisha akachukua fimbo.

"Haiwezekani mtu wa mbali akusindikize na mimi nikae jikoni. Nakupeleka mpaka pale tu."

Tukafika kanisani, "pale" ikawa darajani. Tukafika darajani, ikawa kwa muuza mbao. Goti lake la kulia lina ugonjwa wa miaka, nikamsihi arudi, akajifanya hasikii. Mwishowe tukatokea kwenye lami, magari yakitupita, na mama akasimama.

"Naogopa," akasema. Sikuwahi kulisikia neno hilo kinywani mwake. "Wewe hutapotea, najua. Naogopa ile nyumba jioni."

Nilitaka kusema nabaki. Neno lilishafika mdomoni. Badala yake nikaushika mkono wake, nikageuza njia, tukapanda tena taratibu: muuza mbao, daraja, kanisa, mpaka langoni kwetu. Alinigombeza njia nzima kwamba napoteza siku. Mkono hakuuachia.

Langoni akaingia, akafunga, akabaki ndani ameshika fito. Nikamuuliza kama niende. Akaonyesha kusini kwa kidevu.

"Mpaka pale tu," akasema. "Halafu urudi."