Damu ya Masanja, Jina Langu

Aibu hii nilitaka nife nayo, ila kwa kuwa Kagongwa nzima inaisimulia na kila mtu anaongeza chumvi yake, acha niwaeleze mwenyewe. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikaingia machimboni na ndala zisizofanana, na leo nina maduara yangu, mashimo ya dhahabu, nina karasha ya kusagia mawe, na hakuna mnunuzi wa dhahabu kutoka hapa hadi Geita aliyewahi kunipunja mara mbili. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyekoroma kwenye benchi la hospitali mbele za watu.

Ilianza na baridi. Jua la mchana linawaka, wachimbaji wangu wako vifua wazi, mimi nimevaa koti zito na bado natetemeka. Uso ukavimba, sauti ikakwaruza, nikawa nasinzia hata mtu akiniongelesha. Siku moja nikasinzia nimesimama mdomoni mwa duara, Masanja, msimamizi wangu, akanidaka kwa koti nikiwa tayari nimeinama kuelekea chini. Nikajua nimelishwa kitu. Nikaacha kula kwa shemeji, nikaacha chai ya kambini, hata mke wangu, Mama Kulwa, nikawa namwambia aonje kwanza. Akaonja weee, mwisho akachoka: "Baba Kulwa, ama uende hospitali, ama ujipikie."

Nikaenda Kahama, wakapima damu, karatasi ikatoka: kuna T.S.H., mshale wake unatazama juu, kuna T4, mshale wake chini. Sasa mimi maisha yangu yote jiwe likipimwa dhahabu likasoma juu ni sherehe, kwa hiyo kabla sijaingia kwa daktari nilishapiga simu kambini: "Damu yangu imesoma juu, wapeni vijana soda!"

Daktari alikuwa binti, umri wa wanangu. Akaniamkia, akanikalisha, akaniuliza kazi yangu. "Baba, hii iliyo juu siyo nguvu. Ni amri inayotoka kichwani kwenda kwenye tezi ya hapa shingoni. Tezi ikizembea, kichwa kinazidi kufoka. Msimamizi wako akifoka sana pale juu ya shimo, ina maana gani?"

"Chini hawachimbi."

"Haya. Na hii T4 ndiyo kazi yenyewe, ndiyo iko chini." Akasema nitameza vidonge, huenda maisha yangu yote, na nirudi kupima tena.

Maisha yangu yote! Hapo nikanusa biashara. (Mtu akikuambia utakuwa mteja wake mpaka kaburini, wewe ungefikiriaje?) Vidonge nikavitupia kwenye droo.

Sisi huku ukimshuku mpimaji wa mawe, unampelekea jiwe unalolijua kwa jina la jingine, halafu unatulia kusikia atasemaje. Siku ya kurudi nikampa Masanja kadi yangu. Masanja ni dume, hajawahi hata kupiga chafya.

"Bosi, lakini hii ni damu, siyo mawe."

"Nyoosha mkono. Wakiita jina langu, itika."

Hesabu yangu ilikuwa hivi: wakisema mgonjwa, ni wezi, maana Masanja haumwi; wakisema mzima, ni wezi vilevile, maana mimi walishaniita mgonjwa. (Msicheke bado.)

Majibu yakatoka safi, hakuna mshale hata mmoja. Nikasimama katikati ya watu wanaosubiri, nikaipunga karatasi. "Jamani, amkeni! Juzi mgonjwa, leo mzima, na dawa zao sijagusa! Mnaibiwa! Nileteeni mkubwa wao!" Watu wakaanza kunung'unika. Mama mmoja, mtoto wake shingo imevimba, akajifunga kanga akaanza kuondoka.

Daktari akatoka. "Baba, karatasi inasema umepona, sauti yako inakataa. Keti, mganga mfawidhi anakuja."

Nikaketi, nikakunja nne kitajiri. Na hapo ndipo nilipolala.

Nilizinduliwa na mkoromo wangu mwenyewe. Koti limefungwa hadi kidevuni, mate shavuni, na mbele yangu Masanja kasimama na mkono wa shati umekunjwa, pamba bado imebandikwa. "Ni damu yangu," alikuwa anawaambia. "Bosi hajadharau mtu, ndivyo anavyolala siku hizi, hata shimoni nusura aingie."

Bibi mmoja kwenye foleni akaniinamia. "Ng'wanawane, mwanangu, na dawa utamtuma huyu huyu akakumezee?"

Kicheko kilichotoka pale kingeweza kuendesha karasha. Daktari tu ndiye ambaye hakucheka, na hilo ndilo lililouma. "Kipimo kimejua mzima ni nani, baba, na mgonjwa ni nani. Yule mama nimemkimbilia getini. Kidogo tumkose, kwa maneno yako." Nikamwona, amerudi, amempakata mwanawe, hanitazami.

Nimeapa, mawe nitatuma watu, damu nitaipeleka mwenyewe. Kidonge nameza asubuhi kabla ya chai, Mama Kulwa akinisimamia mpaka nifungue mdomo aone, na koti nimempa Masanja. Niliporudi kupima, mpimaji akashika sindano, akanitazama, akamtazama Masanja aliyenisindikiza.

"Leo mkono wa nani?"

Nikakunja shati. "Wangu," nikasema, huku foleni nzima ikisikia.