Mimea ya Kupunga Upepo

Felisita hakuwahi kuwa mganga. Naanza na hilo kwa sababu hapa Bariadi bado wapo watu wazima, wenye meno yao yote na akili zao, wanaoapa kwamba alikuwa mganga mkubwa na kwamba aliacha baada ya mizimu kumkasirikia. Mimi, Minza, nilikuwa mpangaji wake, chumba cha uani, mimi na cherehani yangu. Nilichokiona nilikiona.

Alizaliwa Zagayu, kwenye pamba na mtama, akaolewa na Kasmiri wa huko huko, kijana aliyekuwa amepata kazi katika kiwanda cha pamba cha ushirika. Wakahamia mjini, wakajenga nyumba ya tofali za kuchoma yenye sakafu ya saruji, ambayo Felisita aliisugua mpaka mgeni unaona aibu kuikanyaga. Kasmiri alimeza vumbi la pamba kazini miaka na miaka, na ushirika ulipolegea akarudi nyumbani na kifua kibovu. Kisha likaja soko huria. Tuliambiwa sasa kila mtu ana ruhusa ya kununua pamba na kuichambua. Hatukuambiwa kwamba mmoja wa hao kila mtu angejenga kiwanda chake nyuma ya choo cha Felisita.

Msimu ulipoanza, bomba la kutolea vumbi la kiwanda kipya lilitazama madirisha yetu. Nyuzi za pamba zilitua kwenye ugali, kwenye nywele, kwenye magauni ya harusi niliyokuwa nashona. Malori ya mizigo yaliongeza vumbi la barabarani, na mashine ya kusaga iliyofunguliwa jirani, nayo kwa hisani ya soko huria, ikatuongezea moshi wa dizeli. Zamani Kasmiri alilifuata vumbi kazini akalipwa. Sasa lilimfuata yeye kitandani, bila mshahara.

Alikohoa kikohozi cha kukata maneno. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya yetu ndogondogo ya Kikatoliki, mtu wa kusimamia rozari, lakini ilifika mahali Salamu Maria moja inamshinda katikati na wengine wanaimalizia. Daktari alimwambia Felisita, "Mama, huyu mzee mpeleke kwenye hewa safi." Alisema kana kwamba hewa safi inauzwa pale nje ya geti. Nyumba ile nani angeinunua, na wao wangehamia wapi?

Felisita akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Mwenyekiti akamsikiliza vizuri, akamkaribisha chai, akamwambia hilo ni vumbi la maendeleo na mtu hawezi kutaka ajira halafu akakataa vumbi lake. Yeye mwenyewe alikaa upande upepo unakotokea. Maendeleo yalimfikia bila vumbi.

Hapo ndipo redio ilipoingilia. Katika kipindi cha akina mama, mtangazaji mwenye sauti ya sukari alisema wataalamu wa ng'ambo wamegundua kwamba mimea ikiwekwa ndani ya nyumba husafisha hewa. Akataja majina ambayo hakuna aliyeweza kuyarudia, ila mmea mmoja akaueleza: una majani marefu ya kusimama, kama mkonge mdogo. Felisita alinigeukia macho yanang'aa. Mkonge! Kama kuna kitu Usukumani hatukikosi ni mkonge. Kesho yake alikuwa porini na jembe, akarudi na mikonge pori na mishubiri, akaipanda kwenye makopo ya mafuta ya kupikia na ndoo zilizopasuka. Akaijaza sebule, akakijaza chumba cha kulala, mpaka Kasmiri akawa anainua mguu juu kwenda kitandani kama anaingia zizini.

Kila asubuhi aliyafuta majani kwa kitambaa cha maji, moja moja, na kitambaa kilitoka kimejaa kahawia na nyuzi. "Unaona?" angeniambia. "Hiki chote kingekuwa kifuani kwake." Mimi niliona mimea ndiyo inaumwa. Lakini sikusema, kwa sababu alikuwa anaifuta kwa matumaini, na mimi kodi nilikuwa nachelewesha.

Sasa lazima nieleze jambo moja kwa wasio wa huku. Kwetu mkonge una kazi yake: unazungushiwa zizi, unagawa mipaka ya boma. Mshubiri nao una kazi yake, na anayeijua zaidi ni nfumu, yaani mganga. Mtu akiuhamisha mmea wa uani akauweka ndani, akaupa kopo na maji na kuupangusa uso kila asubuhi, hawezi kuwa anacheza. Kwa hiyo jirani yetu Milembe, muuza dagaa, alipochungulia mlangoni hakuja kusalimia tu.

"Mwangaluka, mayu."

"Mwangaluka."

"Hii mikonge ya nini ndani? Mnalaza ng'ombe sebuleni?"

"Hapana, mayu," Felisita akacheka. "Ni ya kupunga upepo tu."

Kiswahili cha Milembe kilikuwa cha sokoni, amekipatia pale pale kwenye dagaa, na kwake herufi moja haikuwa kitu cha kugombania. Kati ya mlango wetu na meza yake ile u ilianguka. Jioni yake soko zima lilijua kwamba mke wa mwenyekiti wa jumuiya ana mimea ya kupunga pepo.

Wakaanza kuja. Alikuja mama mwenye binti anayeanguka anguka. Alikuja mwenye duka ambaye wateja wamemkimbia, akiwa na kuku mweupe kwapani. Mmoja, kwa kuona adabu za mahali haziko sawa, aliwasha ubani wake mwenyewe sebuleni, na Kasmiri akakohoa mpaka tukamtoa nje. Felisita aliwarudisha wote kwa upole, na kadiri alivyokataa ndivyo walivyoamini, maana waganga feki hawakatai. Kasmiri, kila akipata pumzi, alisimama mlangoni na kuwafundisha sarufi: "Ni upepo! Upepo! Wenye u!" Mzee mmoja kutoka Lagangabilili akamjibu kwa unyonge kwamba hata hao wenye u wanamsumbua.

Sisi tulicheka. Kasmiri hakucheka. Alimwita mkewe, nami nikiwa pale napima pazia, akamwambia: "Feli, najua hujamkubalia mtu. Lakini siku utakayomkubalia hata mmoja, mimi narudi Zagayu. Silali nyumba moja na uganga." Felisita akasema sawa. Alimjua mume wake, neno lake halikuwa la kutishia.

Basi, mtu aliyefuata alikuwa meneja wa kiwanda.

Alikuja mchana kweupe, shati limechomekwa, mtu wa Dar aliyekuwa akituita sisi watu wa imani za kizamani. Mikanda ya mashine zake ilikuwa inakatika kila mara, na wafanyakazi walimnong'oneza kwamba kiwanja kina wenyewe. Alisimama katikati ya mikonge, kofia mkononi.

"Mama, samahani. Nasikia wewe unawapunga."

Felisita alifungua mdomo kumpa somo la u. Chumbani Kasmiri akaanza kukohoa. Siyo kile cha kawaida. Kilikuwa kile kirefu, kinachofika mahali kinanyamaza, na sisi tuliokizoea tunasubiri kama atavuta pumzi nyingine. Tulisubiri. Akavuta. Nilimtazama Felisita nikaona uso wake umebadilika, nikajua anachotaka kufanya.

"Wanatokea kwenye bomba," akasema.

"Nani?"

"Hao pepo wako. Bomba linatazama nyumba za watu, wanakosa njia, wanarudi kukata mikanda. Liinue juu, juu kabisa, uligeuze litazame mbuga. Na ulivishe wavu mdomoni."

"Wavu wa nini?"

"Wasirudi."

Meneja aliitikia kwa heshima ambayo mwenyekiti wa mtaa hajawahi kuipata. Wiki haikuisha, mafundi wakapanda, bomba likainuliwa, likageuzwa, likavishwa wavu. Na kwa kuwa mafundi wale wale walipokuwa huko walifunga mikanda mipya, mikanda haikukatika tena.

Ningependa kuwaambia tulishangilia. Tulichofanya ni kupumua tu, tukiogopa Kasmiri asije akauliza bomba limegeuzwaje. Ugali ukawa ugali. Magauni yakabaki meupe. Kasmiri alianza kulala usiku mzima, akaanza kukaa barazani, akaanza kunidai kodi. Akaisifu mikonge. Alisema redio kumbe haidanganyi, na akaanza yeye mwenyewe kuifuta majani. Felisita alikuwa akimwangalia, anatabasamu, halafu anaingia ndani kutafuta kazi ya kufanya.

Zamu ya jumuiya ikaangukia kwetu. Sebule ilijaa, watu wamebanana na makopo ya mikonge, Kasmiri anaongoza rozari kwa sauti ambayo hatukuisikia tangu kiwanda kianze. Alikuwa anaifurahia sauti yake, dhambi ndogo, Mungu atamsamehe. Tulikuwa kwenye fumbo la tatu meneja alipotokea mlangoni na beberu mweusi kwenye kamba.

"Mama Felisita!" akasema kwa furaha ya kweli, mtu asiye na baya. "Nimeleta shukrani. Pepo wametoka wote!"

Beberu akaanza kutafuna mshubiri, akautema.

Kasmiri aliweka rozari mezani. "Feli. Ulimwambia huyu kwamba unapunga pepo?"

Angeweza kusema meneja hakuelewa. Kila mtu pale angemwamini, Milembe angekuwa wa kwanza. Nilimwombea aseme hivyo.

"Nilimwambia," akasema.

"Kwa nini?"

"Ulikuwa unakohoa."

Akina mama wawili walianza kulia. Mimi nilikasirika, na hasira hiyo ninayo mpaka leo, kwa sababu Kasmiri alikaa kidogo akimwangalia mkewe, macho yake yamejaa machozi, akampenda pale pale mbele yetu, halafu akainuka akaenda kufunga nguo zake. Neno lake alikuwa amelitoa. Alikwenda Zagayu kwa kaka yake Mayunga, ambaye uani kwake kuna vibanda viwili vya mizimu. Hivyo havikumkera, alisema, kwa kuwa Mayunga hajabatizwa na hakumwahidi mtu kitu.

Jumuiya ilitawanyika. Nilisimama na Felisita mlangoni tukimtazama akienda, furushi begani, akiupanda ule mwinuko wa kuelekea stendi, mwinuko ambao mwezi uliopita asingeufikisha nusu. Alitembea haraka, hakupumzika popote. Felisita alikuwa ameinamisha kichwa upande, anasikiliza, mpaka mumewe alipopotea kwenye kona.

"Umesikia, Minza?" akaniuliza. "Hajakohoa."