Mkwe Nyuma ya Ukuta

Suruali niliyovaa ninapoandika safu hii ilipunguzwa kiuno na mama tuliyemzika Chekalini Jumamosi iliyopita. Habari za kifo chake zilinipata kwa simu nikiwa kwenye foleni ya benki mjini Kakamega, nikatoka nje bila kufanya kilichonipeleka. Wengi mlimjua kama fundi wa nguo tu, yule wa kibanda cha karibu na soko. Wachache mlijua kwamba kati ya mteja mmoja na mwingine aliweka simu juu ya cherehani na kuandika hadithi kwa Kiingereza, lugha aliyoanza kujifunza upya akiwa tayari na wajukuu. Shule aliiachia darasa la sita.

Alikuwa amejiunga na tovuti moja ya wanaojifunza Kiingereza, ambako kila mtu huandika hadithi za kwao na mwalimu aliye ng'ambo huzisahihisha. Niliyoipenda zaidi ni ile ya mama mgonjwa aliyeletewa dawa na mkwe wake, mume wa bintiye. Kisa chenyewe kilikuwa chake. Nanyi mnajua mambo ya kwetu: mama mkwe na mkwe wake hawashikani mikono wala hawaketi chumba kimoja. Basi mkwe akaiacha dawa mlangoni, akaenda nyuma ya nyumba, akaegemea ukuta, wakazungumza hivyo mchana kutwa, yeye nje, mama ndani kitandani. Jioni akachukua baiskeli yake akaenda zake. Mwalimu aliisifu sana, akaahidi kuiweka kwenye mkusanyiko wa hadithi bora, mradi mwisho ubadilishwe: mkwe aingie ndani amkumbatie mama, ili wasomaji waone kwamba anampenda.

Siku hiyo nilimkuta amekunja uso. "Mwandishi, hebu ona huyu mtu," akaniambia akinipa simu. "Anataka nikumbatiwe na mkwe. Sisi hatukumbatiangi mkwe."

"Mama, si ukubali tu," nikamwambia. "Itasomwa dunia nzima. Nani wa Chekalini atajua?"

Alinitazama kama anavyomtazama mteja aliyeleta nguo chafu kushonwa. "Kiingereza changu kiko na makosa. Akirekebishe, hata namshukuru. Lakini ile heshima si makosa."

Na msidhani hakuutamani mkusanyiko ule. Alikuwa ameshawatangazia hata wauza mboga. Alikataa hivyo hivyo, hadithi ikaachwa nje, naye akaiweka kwenye ukurasa wake mwenyewe, ukuta ukiwa pale pale. Wakaanza kumwandikia watu wa nchi ambazo mimi siwezi kuzionyesha kwenye ramani, baadhi yao wakisema kwamba hata kwao mkwe hupendwa kwa mbali.

Mimi husoma hadithi nyingi za vijana wetu mitandaoni. Kiingereza chao kinateleza vizuri, lakini nyanya zao huoka keki na baba zao huwabusu kabla ya kulala. Najiuliza hao ni nyanya wa nani, maana wa Buyangu na wa Mumias siwaoni humo. Fundi wangu aliazima lugha bila kuazima ukoo, na ninaona fahari kubwa kwamba tulifahamiana.

Kwenye mazishi, familia ilimwomba mkwe wake, yule yule wa baiskeli, asome hadithi hiyo. Tulidhani atasimama kando ya jeneza kama wasemaji wengine. Alichukua kipaza sauti, akazunguka nyumba, na sauti yake ikatujia kutoka nyuma ya ukuta, kwa Kiingereza cha mama mkwe wake, mpaka pale mtu anapochukua baiskeli na kwenda zake. Hata wazee wasiojua neno la Kiingereza walilia. Hakuna aliyeuliza mbona hakumkumbatia.

Nyinyi mnaoandika, kubalini kurekebishwa lugha kila siku, hakuna aibu. Ukuta wa kwenu uacheni ulipo.