Siku Nilibadirisha Sauti ya Munkoyo Yangu

Batoto ba mu famille bananiambia nisiandike hii, banasema ni haya tupu. Ni haya, ndiyo. Lakini hapa mu mutaa yetu ya Ruashi kila muntu anaieleza na chumvi yake, kuko hata mwenye anasema nilifufuka, basi afazali muisikie na kinywa ya mwenyewe.

Mimi ni Nkambo Véronique. Nilisoma miaka tatu tu kwa Masista, mutanisamehe herufi. Munkoyo, ile kinywaji yetu, ninaipika tangu marehemu Célestin bwana yangu angali muzima: buji ya mahindi, mizizi natwanga mwenyewe, nailaza, asubui inakuwa tamu na baridi. Lakini bantu habakunijulia munkoyo. Balinijulia kinywa. (Mama yangu Ngoie alisema Mungu aliniumba na ulimi, kisha akatafuta mwili wa kuubeba.)

Mujukulu wangu Nadège, mutoto wa binti yangu Pélagie, alisoma commerce, mambo ya biashara, mpaka akamaliza. Akaniambia: «Nkambo, biashara kubwa zote ziko zinatafuta sauti yao, weye yako uko nayo bure.» Akafungua groupe ya banunuzi mu telefone, na kila asubui nikaanza kubatumia sauti ya kubaamusha: «Balala ba Ruashi! Munkoyo iliamuka mbele yenu! Mama Jolie, bwana yako anaenda ku mugodi na tumbo wazi, hauna haya? Papa Donat, rudisha chupa zangu, ama nitakuya nazifuata na fimbo!» Bantu bakacheka, bakanunua, bakatumia bandugu yabo ile sauti. Hata ku chupa Nadège aliandika vile vile ninasema: KUNYWA, ENDA KAZI, RUDISHA CHUPA. Alikuwa na sheria moja tu: sauti moja. Mu telefone, ku chupa, ku mulango, Nkambo ule ule mwenye kugombeza.

Sasa Papa Muhindo, muntu wa Butembo, mwenye depo na malori, akatuma habari: samedi ya ile juma anakuya kuona, kama inamupendeza anatia munkoyo yetu mu depo zake zote. Na mujue, Nadège alikuwa na barua ya kazi ya Kolwezi, mu biro ya kampuni moja ya mugodi. Aliniambia bila kuniangalia mu macho: «Papa Muhindo akikatala, naenda, Nkambo.» Ule mutoto ndiye amebakia na mimi mu nyumba. Musisahau ile neno, sababu ndiyo ilinitia wazimu.

Vendredi, siku moja mbele ya kukuya yake, Mama Albertine, mwalimu wa zamani, muntu wa Kasai, mwenye Kifaransa yake haina vumbi, akapita kunisalimia. Akasema: «Mama Véro, mucommerçant mukubwa hatanunua kitu kwa kinywa ya bata. Sema na heshima kidogo.» Basi. Nadège alikuwa amekwenda mu ville, katikati ya muji, kutafuta vifuniko ya chupa, telefone yake imezimika, mimi niko peke yangu na uoga wangu. Nikafinya kile kitufe ya message ku telefone yangu, nikakamata sauti ya kanisani, nikasema: «Bapendwa bangu, aksanti kwa miaka yote. Kama nilikosea muntu na maneno, anisamehe. Kesho mukuye wote munione. Mungu abalinde.» (Nilitaka wingi wa bantu, Papa Muhindo aone biashara inatembea.) Nikaisikiliza mara mbili. Nikajipongeza.

Lakini mimi, mukubwa muzima, nilisahau kwetu mambo iko namna gani! Baba yangu Kasongo, kule Lukafu, siku aliita bandugu na kubaomba radhi na sauti ya polepole, hatukuuliza kitu. Siku ya tatu tulimuzika. Mukubwa akianza kuomba bantu bote musamaha, anasafisha njia. Na kama ule mukubwa ni mimi, mwenye hajaomba musamaha hata Célestin!

Kesho yake, samedi asubui, nilivaa liputa ya sikukuu, nikakaa ku kiti. Wa kwanza kuingia ni Papa Donat. Kofia mu mukono, chupa saba mu kitunga.

«Nkambo, chupa zako. Sitaki uende na kitu yangu mu roho.»

«Niende wapi, mpendwa?» Mpendwa! Donat akafuta macho.

Nyuma yake, Mama Jolie na mukeka, ile ya kukalia ku kilio. Nyuma yake, kikundi ya maombi, banaimba polepole, ile nyimbo munaijua, ya nyumba yenye muntu alikufa. Muntu akaleta viti. Vijana ba Papa Donat bakaanza kufunga bashi ya plastiki juu ya lupango, mbele ya nyumba, banasema jua isiniunguze. Nikaona ile bashi ya bluu ya kilio inapanda. Ningelitoa kinywa yangu ya kweli pale pale, yote ingeliisha. Lakini gari ya Papa Muhindo ilikuwa imeshasimama inje.

Nadège, mwenye alienda kumupokea ku barabara, akaingia na Papa Muhindo. Mutoto akaona bashi, akasimama kama muti.

Papa Muhindo akavua kofia. «Kuko kilio hapa?»

Papa Donat akajibu na heshima: «Bado, Papa. Tuko tunangoja tu.»

«Mugonjwa ni nani?»

Mikono yote ikanionyesha mimi. Papa Muhindo alikuwa amepewa kilauri ya munkoyo ku mulango. Akaiangalia, akaniangalia, akaiweka chini polepole. «Ni huyu ndiye anapika?»

Nikasema na asali yote: «Niko muzima, Papa mpendwa, Mungu akubariki.» Banamuke bote bakaanza kulia. Kila neno tamu nilitoa, balizidi! «Anajikaza,» banasema. «Sikia namna anatuaga.» Nadège ananiangalia tu, na mimi naona barua ya Kolwezi mu macho yake.

Ndipo Mama Jolie akapiga magoti mbele ya Papa Muhindo na kila muntu. «Nkambo, usiende kabla sijasema. Ni mimi nilieneza habari ya kusema munkoyo yako ilikutwa na funza. Nilitaka bantu bakuye kwa dada yangu Georgette.»

Funza! Mbele ya mwenye depo!

«Weye Jolie!» Kiti ikaanguka nyuma yangu. «Funza ni ulimi yako! Georgette hajui hata kuchemusha maji, buji yake inashikamana kama simenti! Simama, unachafua mukeka! Na mweye munaimba nini? Nani alikufa? Mutoe ile bashi kabla sijaipasua!»

Vigelegele. «Eko muzimaaa! Nkambo amerudia!» Bananikumbatia, banaruka, na Papa Donat, nilimuona na haya macho, akakamata kitunga yake ya chupa saba, akatoka mbio.

Papa Muhindo hakucheka. Akasema: «Mama, muke yangu anakusikiliza kila asubui, ndiye alinituma. Jana mu telefone nikasikia mwingine. Leo nakuta mwingine ku kiti, na sasa wa tatu anatoa moto. Muntu akizoea sauti, ukiibadirisha, anazani duka imepata mwenyewe mupya. Mu chupa kutakuwa munkoyo ya nani?» Akatupatia miezi miwili. Sauti ikibakia moja, atarudi. Kilauri aliiacha imejaa.

Nadège hakunigombeza. Akakamata telefone yangu, akasikiliza message mpaka mwisho, akalia. «Hata mimi ningelikuya na mukeka, Nkambo.» Akatia barua ya Kolwezi chini ya Biblia. Hakuipasua, akaitia tu.

Leo, ku ile miezi miwili, kunabakia siku kumi na moja. Kila asubui nagombeza na kipimo kile kile, hata siku mugongo inaniuma, hata siku natamani kusema aksanti kwa muntu. Sitarudia tena kuazima sauti.

Neno moja tu inanisumbua. Siku ya kweli ikifika, namna gani nitabaaga? Nimeshaambia Nadège: nitatukana tu, mpaka pumuzi ya mwisho. Basi mweye balala musingoje nibasemeshe vizuri ndiyo mukuye. Mukuye sasa. Na weye Donat, chupa saba.