Kiitaliano cha Kupimia Gauni

Fundi cherehani alishonea nusu ya mtaa, na mtaa mzima ulijua kuwa akishaweka pini mdomoni hupati jibu. Lakini sasa alikuwa na hamu ya kuongea. Binti yake aliyeolewa Italia alikuwa anakuja na mjukuu wa miaka minne, yule ambaye akimwona bibi yake kwenye simu hujificha nyuma ya kochi. Mtoto hajui Kiswahili, bibi hajui Kiitaliano. Jambo hilo lilimuuma sana, ingawa alijitia kulicheka.

"Si upakue programu ya kujifunza lugha, mke wangu?" mumewe, dereva mstaafu, akamshauri. "Ziko tele."

Ya kwanza ilimfundisha kuagiza divai. "Nimwagizie divai mtoto mdogo vile?" Akaifuta. Ya pili ilimtaka aulize kwa sauti treni inaondoka saa ngapi. Akauliza huku anapinda suruali ya mteja. Jaribu tena, ikasema. Akajaribu. Jaribu tena! Akaanza kuitolea maneno makali.

"Toa pini kwanza," mumewe akasema, mbavu hana. "Hata mimi miaka yote hii nakukisia tu."

Ya tatu ilimruhusu aandike sentensi zake mwenyewe, nayo inamtamkia kwa Kiitaliano. Hapo akaona amepata saizi yake. Akaandika yale anayowaambia watoto wote wanaokuja kupimwa: simama hapa, geuka, inua mikono. Binti alipotaka kumtumia vipimo vya gauni la mtoto kwa simu, alikataa katakata. "Nitampima mwenyewe."

Wakafika. Mtoto akaganda nyuma ya sketi ya mama yake. Fundi akapiga magoti sebuleni, futi shingoni, mdomoni hana hata pini moja.

"Alza le braccia," akasema taratibu. Inua mikono.

Mtoto akachungulia. Akatoka, akainua mikono juu kabisa. Fundi akamzungushia futi kifuani, akasogea karibu asome namba. Mikono ile midogo ikachoka, ikashuka, ikatua shingoni kwake na kubaki hapo hapo.

"Kifua ngapi?" mumewe akauliza, kalamu mkononi.

Fundi hakujibu, na safari hii hakuwa na pini za kusingizia.